Pindo la Muattar

"Usitingishike," alisema Muattar-opa kutoka sakafuni. "Ukitingishika nitakukata wewe, na wewe siwezi kukushona."

Mkasi wake mdogo ulikuwa kando ya kifundo cha mguu wangu. Niliusikia ukikata uzi mmoja mmoja. Mlango ulikuwa unagongwa. Mkurugenzi wetu, Erkin Sobirovich, alikuwa ameanza kwa kidole, sasa anatumia kiganja, na bado sauti yake ilikuwa na adabu ya mtu aliyeacha wageni nyuma yake.

"Muattar Yunusovna! Baraza limeshakaa. Wanasubiri."

"Wape chai."

"Wameshakunywa!"

"Basi wanywe tena. Tashkent hii chai imeisha lini?"

Ningecheka, ila nilikatazwa kutingishika. Pale chini, kwenye pindo la gauni nililolivaa, kila uzi alioufumua uliacha kitundu kwenye hariri, na vitundu vya sindano kwenye hariri nyeupe havifichiki. Kila mlio wa mkasi ulikuwa unamweka mbali zaidi na Paris. Na mimi ndiye niliyemwambia.

Kazi yangu katika Jumba la Mitindo la Lola ilikuwa kusimama. Nilikuwa mrefu kuliko kaka zangu, jambo lililomnyima mama usingizi kwa hofu kwamba sitapata mchumba. Muattar-opa, ambaye sote tulimwita opa kwa kuwa alikuwa dada mkubwa wa kila mtu, alinikuta kwenye foleni ya matikiti sokoni, akanishika bega, akanigeuza mbele na nyuma kama anayechagua zulia.

"Mgongo huu wa nani?"

"Wangu," nikasema.

"Unauharibu kwa kubeba matikiti. Njoo Jumatatu."

Tangu hapo hakuna gauni alilokata ambalo halikupita mwilini mwangu kwanza. Mji mzima ulimjua. Kabla yake, atlasi, ile hariri yetu ambayo rangi zake humwagikiana, ilikuwa nguo ya mashangazi wa kijijini, na wake za wakubwa walivaa sufu ya kijivu ili wafanane na Moscow. Yeye aliikata atlasi wima, bila mikunjo, rangi zikawa zinashuka mwilini kama maji ya mfereji, na mara wake za mawaziri wakaanza kupiga simu kwa sauti ya chini kuomba nafasi. Mkono alioubuni, mpana begani na mwembamba baada ya kiwiko, uliigwa na kila fundi wa sokoni mpaka ukaitwa mkono wa Muattar. Mwenyewe alivaa gauni moja la buluu iliyopauka, sindano zimechomekwa kifuani, na saa kubwa ya kiume ya marehemu mumewe. Chaki hakuitaka. Alipiga mstari kwa ukucha wa kidole gumba, akautazama, akakata, na mkono wake haukuwahi kurudi nyuma. Nilimwogopa na kumpenda kwa pamoja, na hata leo sijaweza kuyatenganisha hayo mawili.

Gauni lile la harusi lilikuwa kilele chake. Taraza ya pindo ilidariziwa na Bibi Oysha wa mji wa Shahrisabz, kikongwe aliyeshona huku kitambaa kimegusa pua, maana macho yalikuwa yamekwisha. Ilikuwa taji ya makomamanga yaliyozunguka miguu yote ya bibi harusi. La mwisho, karibu na kifundo cha kushoto, Bibi aliliacha nusu. Muattar-opa naye akaacha pindo la chini yake bila kupinda, upana wa kiganja, nyuzi zikining'inia.

"Opa, hapa pamesahaulika," nilimwambia siku ya kwanza kulijaribu.

"Hapajasahaulika. Bibi hamalizi. Akimaliza nguo ya bibi harusi, amemmaliza na bibi harusi. Akiacha kidogo, maisha yana pa kupitia."

"Na wewe unaamini?"

"Mimi?" Alitoa pini mdomoni ili acheke vizuri. "Mimi mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, Zumrad. Siamini hata utabiri wa mvua."

"Sasa kwa nini usilimalize mwenyewe?"

"Kwa sababu anayeamini ni yeye, na mikono ni yake. Simama wima. Wewe ni mti au tambi?"

Kisha habari ikaja kwamba Baraza la Sanaa kutoka Moscow litapita. Likikubali, mavazi yetu yangekwenda kwenye maonyesho ya Paris, na Muattar-opa angeyafuata. Alikuwa amepita miaka hamsini na Paris aliijua kwenye majarida tu, yale yaliyopita mikono mingi mpaka kurasa zikalegea kama kitambaa kikuukuu. Hakuzungumzia safari hiyo. Lakini nilimwona amenunua viatu. Vilikaa ndani ya sanduku lao chini ya meza ya kukatia, vyeusi, vya kisigino kifupi, na alipodhani hatumwoni alikuwa anavisukuma kwa ncha ya mguu kama anayehakikisha paka bado amelala pale. Baraza likikataa, sote tulijua kilichokuwa kinanong'onwa: kwamba Jumba halimhitaji fundi anayeleta mambo ya kizamani.

Asubuhi ya siku yenyewe nilivaa gauni, nikajitazama kwenye kioo. Komamanga la mwisho lilikuwa limejaa. Pindo limepindwa. Kazi safi kabisa, mishono midogo, iliyonyooka, na kwa huo unyoofu nikajua mkono wa nani.

"Ravza," nikasema.

Ravza, fundi wetu Mtatari, alikuwa kwenye kona anakunja karatasi ambazo hazikuhitaji kukunjwa. "Alinisimamia kichwani," alisema bila kuinua uso. "Erkin Sobirovich. Ananiambia, chagua, sindano au mlango. Nina watoto, Zumrad. Wewe una nini? Una miguu."

Mkurugenzi mwenyewe akaingia, amenyoa mpaka akajikata shavuni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na alimtakia Muattar-opa mema kwa namna yake ya woga.

"Hataangalia chini," aliniambia. "Ana mambo mia leo. Wewe nyamaza tu, utakuwa umempeleka Paris. Ukifungua mdomo, umemzika. Umesikia, binti yangu?"

Nilisikia. Kunyamaza kulikuwa rahisi, kulikuwa na huruma, na kulikuwa na vile viatu chini ya meza. Muattar-opa akaja, akanipangia bega, akaninyooshea mgongo, akafunga kifungo cha mwisho. Vidole vyake vilikuwa baridi. Sikuwahi kuvijua vikiwa baridi.

"Unapendeza mpaka inaudhi," alisema. "Twende."

Miguu ikanikatalia. Nilihisi pindo limenizunguka lote, limefungwa, halina mwanya, na miezi yote niliyosimama ndani ya gauni lile ule mwanya ulikuwa unanigusa kifundo kwa nyuzi zake. Nilijua tutafika Paris, watu watapiga makofi, na hapo katikati ya makofi atainamisha macho. Nilimpenda mno kumwacha aje kuliona mbele ya wageni.

"Opa," nikasema. "Angalia chini."

Aliangalia. Uso wake haukubadilika, ila alimtazama Ravza kwa muda mrefu, na Ravza akaanza kulia bila sauti.

"Kazi nzuri," Muattar-opa alimwambia, na alimaanisha. "Funga mlango kwa ufunguo."

Ndivyo alivyopiga magoti sakafuni na mkasi wake, na mlango ukaanza kugongwa.

Alipomaliza alisimama kwa kushika kiuno changu, magoti yakalia. Nusu ya komamanga ilikuwa wazi tena, lakini haikuwa kama awali. Sasa ilikuwa na vitundu, na ukingo wa hariri umechakaa. Kwa asiyejua, lilikuwa gauni lililochanika.

Ukumbini walikaa nyuma ya meza ndefu yenye zabibu na chupa za maji. Nilitembea. Nasema bila aibu kwamba sijawahi kutembea vile kabla wala baada. Penseli zilisimama. Mwenyekiti wao, Lidia Pavlovna, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, alivua miwani, akaivaa tena, na nikaona ameguswa. Erkin Sobirovich naye aliona, akapumua.

Kisha mama yule akainuka, akazunguka meza, akainama mwenyewe, akashika pindo.

"Na hapa? Pamechanika?"

"Ajali!" Mkurugenzi alidakia. "Ajali ndogo, Lidia Pavlovna, leo hii hii itarekebishwa."

"Ni mimi," nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Nimekanyaga kwa kisigino."

"Zumrad, funga mdomo," alisema Muattar-opa kutoka ukutani. Akaja mpaka katikati, na lile gauni lake lililopauka. "Hakukanyaga mtu. Aliyedarizi ameliacha wazi, na mimi nikaliacha. Leo limezibwa bila ruhusa yangu, nikalifumua. Vitundu ni vyangu."

"Kwa nini?"

Mkurugenzi alijaribu tena. "Ni ubunifu wa kisasa, ile hali ya kutolingana pande mbili..."

"Si ya kisasa," alisema Muattar-opa. "Ya kizamani sana. Anayevaa gauni hili ndiyo kwanza anaanza maisha. Kwetu nguo yake haifungwi yote."

Lidia Pavlovna hakuliachia pindo.

"Muattar Yunusovna, unajua hilo linaitwaje. Linaitwa ushirikina."

"Huenda. Lakini umeshonwa vizuri."

Mdomo wa yule mama ulicheza. Naapa ulicheza. Kwa pumzi moja niliamini tumeshinda. Akasema polepole, karibu kama anayeomba, "Kama ungekubali kulimaliza, sasa hivi, tusingekuwa na la kuandika."

Nikamwona Muattar-opa akitazama dirishani. Nilifikiri juu ya viatu. Sijui yeye alifikiri nini.

"Bibi Oysha amekufa mwezi uliopita," alisema. Hakuna kati yetu aliyekuwa anajua. "Sina wa kumwomba ruhusa."

Lidia Pavlovna akarudi kwenye kiti chake, akaandika. Hakuandika kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

Mavazi mengine yalikwenda Paris. Gauni halikwenda, wala aliyelikata. Gazeti lilisifu Jumba la Mitindo la Lola bila kumtaja mtu, na Muattar-opa akahamishiwa kiwanda cha ovaroli ng'ambo ya reli. Siku aliyoondoka alinipa vile viatu. Vilinibana, nikavivaa hata hivyo.

Huko kiwandani, kitu cha kwanza alichouliza ni kwa nini mfuko wa ovaroli ya wachuma pamba umewekwa mahali ambapo mwanamke aliyeinama haufikii. Akauhamisha. Akapanua kwapa. Vuli iliyofuata wanawake wa mashambani walikuwa wanagombana kupata ovaroli za Muattar, na jioni getini walisimama mabinti wa mjini, vitambaa vya harusi wamevificha ndani ya makoti. Aliwakatia pale pale, juu ya boneti ya lori la kiwanda, kwa ukucha.

Nami nilibeba swali langu miaka. Nilipojifungua binti yangu wa kwanza, Muattar-opa alinijia na kishati cha arobaini, kile cheupe ambacho hatukipindi chini ili mtoto aendelee kukua. Nilikishika, nikashindwa kujizuia.

"Opa, ningenyamaza siku ile ungeenda."

"Ningeenda."

"Unanilaumu?"

"Ungenyamaza ningeliona Paris," alisema, anamtekenya mtoto kidevu, "na ningelifumua huko huko, mbele ya Wafaransa, nimepiga magoti. Ungetuaibisha duniani kote." Kisha, bila mzaha: "Wewe ulikuwa ndani ya nguo. Nani mwingine wa kuniambia?"

Nililia, naye akasema maziwa yatachacha.

Muattar-opa alifariki makomamanga yalipoanza kupasuka sokoni. Wanaume walikaa uani, Chama kikaleta shada la maua lililobaki nje ukutani, na ndani wanawake wa mtaa walinipa bafta na mkasi. Hakuna aliyeniuliza kama ninaweza. Miaka yote alinipima yeye, siku ile nilimpima mimi. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani.

Nilipokuwa naunganisha vipande, mlango ulifunguka taratibu akaingia Ravza. Alikuwa amezeeka, kitambaa cha kichwa kimefungwa vibaya kama wanavyofunga wasiokizoea. Tangu siku ya Baraza hakuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba ile. Alisimama akiwa tayari kufukuzwa.

"Osha mikono," nikamwambia. "Shika ncha ile."

Tulishona mishono mirefu, iliyolegea, bila fundo. Alikuwa bado na mkono ule ule ulionyooka. Tulipofika chini, vidole vyake vikaanza vyenyewe kuukunja ukingo ndani, kidogo, kisha kidogo tena, vile vilivyofanya maisha yake yote. Akashtuka, akaniangalia.

"Hatupindi?"

"Sanda haipindwi, Ravza."

Aliuachia ukingo. Ukafunguka wenyewe, nyuzi zikaning'inia, naye akaunyoosha kwa kiganja, mara moja, na mara nyingine tena, mpaka nikamshika mkono.