Pasipoti Mbili na Rababendi

Mimi Swalha sina kifua cha kuweka mambo, na hili la Tahir halikai. Watu wa huku Guangzhou wanamsifu. Wanasema ni kijana wa watu, mtu akifiwa yeye wa kwanza kufika. Waseme. Mimi nilikuwepo.

Nilikuwa nakaa nyumba moja na Bi Mwanakhamis, Mzanzibari mwenzangu, mnunuzi wa mikoba ya ngozi kule Shiling. Nampenda, lakini mdomo alikuwa nao. Marehemu mumewe alikuwa Mshelisheli, naye akachukua uraia wa huko, pasipoti yetu akaiacha. Basi ikawa ndiyo wimbo wake. Sisi tukitaka kwenda Ulaya tunahangaika na viza, barua za benki, alama za vidole, na mwisho wa yote tunanyimwa. Yeye viza haimhusu. Anajaza maombi kwenye simu, anaipiga picha pasipoti, anajipiga uso, anatumiwa ruhusa, anapanda ndege.

Tahir ndiye mkata tiketi wetu. Mwaka jana aliomba viza ya kwenda Italia kwenye maonyesho ya ngozi, akanyimwa. Akarudia, akanyimwa. Ijumaa moja tuko mgahawani tunakula biriani, Bi Mwanakhamis akamgeukia mbele za watu wote.

"Tahir mwanangu, wewe kazi yako kupakua, kula watakula wengine. Sema unataka nini Ulaya, sisi tunaoingia tutakuletea."

Meza nzima ilicheka, na mimi nikiwemo. Tahir naye alicheka, akaomba pilipili, akaendelea kula. Nani angejua kwamba lile tonge halikushuka.

Sasa Bi Mwanakhamis alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, Kauthar, ameolewa Leicester, Uingereza. Saratani ya damu ilikuwa imemkamata tangu mwanzo wa mwaka. Alhamisi asubuhi mkwewe, Yasir, akapiga simu. Kwa upole akasema madaktari wameacha dawa, na Kauthar anamuuliza mama kila akizinduka. Nikaisikia na sauti ya Kauthar mwenyewe, nyembamba, inasema, "Mama njoo unishike." Bi Mwanakhamis akamjibu, "Nakuja, kesho niko kwako." Akaniambia nimpigie Tahir amkatie tiketi, nikampigia, nikamtumia picha ya pasipoti, na tiketi ikaja mara moja.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo sisi wa biashara ya China tumelizoea hata hatulifikirii. Pasipoti zetu hujaa mihuri kabla hazijaisha muda. Ukichukua mpya, viza ya China iliyo kwenye ile kuukuu inaendelea kufanya kazi. Kwa hiyo unazibeba zote mbili, unazifunga pamoja kwa rababendi, na ukifika kwa afisa unampa furushi lote. Anafungua mpya, anafungua kuukuu, anagonga, unapita. Bi Mwanakhamis alikuwa amechukua mpya baada ya Idi. Ruhusa yake ya Uingereza aliipata kabla ya hapo, alipokwenda kumuona Kauthar akiwa bado mzima. Ni ya miaka miwili, hata nusu haijafika. Akaona ni yale yale, pasipoti aliyoiombea ruhusa anayo, rababendi anayo, kilichobaki nini.

Ijumaa mchana nikamsindikiza uwanjani. Alikuwa amevaa baibui jipya, mkobani ana udi na mafuta ya nazi ya kumpaka mtoto. Dada wa kaunta akatoa rababendi, akaingiza ile mpya kwenye mashine, akatazama, akaingiza tena. Kisha akaichukua ile kuukuu, iliyokatwa kona, akairudisha juu ya kaunta.

"Bu xing," akasema. Haiwezekani.

Akatueleza kwa Kiingereza cha taratibu. Ruhusa haikai kwa mtu. Inafuata namba ya pasipoti, na ile pasipoti imeshakufa, imekufa na ruhusa yake. Bila ruhusa kwenye namba mpya, ndege haimbebi.

Bu xing tumeambiwa sana kule Zhongda tukinunua vitambaa. Wewe taja bei yako, laoban, mwenye duka, akikataa geuka uondoke, utasikia anakuita. Bi Mwanakhamis, wallahi, alifanya hivyo hivyo. Alikusanya pasipoti zake, akageuka, akatembea polepole kuelekea mlangoni, shingo imesimama, anangoja kuitwa. Dada wa kaunta alikwishamwita mtu mwingine kwenye foleni. Nikamkimbilia, nikamshika mkono.

Tukakaa chini palepale tukajaza maombi upya kwenye simu. Zamani alijibiwa kabla chai haijapoa. Ilipofika zamu ya kupiga picha ya uso, simu ikagoma, inataka uso uliotulia. Nikamfuta machozi, yakaja mengine. Nikamfuta tena. Mwisho nilimwambia kwa ukali, "Tulia basi, dada, ukilia haikupokei." Akatulia, ikampokea. Majibu yakasema subiri, huenda ikachukua hadi siku tatu za kazi, na usisafiri kabla. Na ilikuwa Ijumaa.

Ndipo nikampigia Tahir nikaweka sauti juu, labda anajua njia.

"Hapo hakuna njia," akasema. "Ni kungoja."

"Wewe unakata tiketi kila siku. Hukuona kwamba namba ya pasipoti si ile ya safari ya kwanza?"

"Niliona jana. Namba ya zamani ninayo kwenye kompyuta."

"Na hukusema?"

"Nimwambie nini, dada Swalha? Yeye ndiye mwenye kuingia Ulaya. Mimi ni mpakuaji."

Bi Mwanakhamis alisikia kila neno. Aliichukua rababendi akaivuta vuta vidoleni mpaka ikakatika, na ndege ikaondoka.

Jumamosi hakikuja kitu. Alikaa na simu mapajani, akiifungua na kuifunga. Yasir alikuwa akimuwekea Kauthar simu sikioni ili mama amsomee Kurani, naye akasoma mpaka sauti ikakauka. Jumapili, mama akiwa katikati ya Yasin, Yasir akachukua simu akasema, "Mama, inatosha."

Yasir alisema watauweka mwili mpaka mama afike. Bi Mwanakhamis akakataa. Alisema mtoto wake asicheleweshwe, ameshangoja vya kutosha. Wakamuosha wanawake wa Leicester, watu asiowajua hata kwa jina, na Jumatatu wakamzika.

Jumatatu hiyohiyo tukaweka mkeka sebuleni kwetu, watu wakaja kuhani. Tahir naye akaja, kanzu nyeupe, kabeba tende. Kwetu huwezi kukosa msiba, hata kama wewe ndiye uliyeuongezea uchungu. Akapiga magoti, akasema, "Pole, mama. Mipango ya Mungu."

Mimi nilikuwa nimeshainuka nimtoe. Bi Mwanakhamis akanizuia kwa mkono. Simu yake ilikuwa imelia muda si mrefu, akampa Tahir.

"Sina miwani, mwanangu. Nisomee."

Tahir akatazama kioo cha simu. Akasoma kwa sauti ya chini. "Maombi yako ya ruhusa ya kusafiri yamekubaliwa. Ruhusa ni ya miaka miwili."

"Ya miaka mingapi?"

"Miwili, mama."

"Soma tena, wa nyuma hawajasikia."

Akasoma. Watu chumba kizima wakamtazama, misahafu mikononi. Akataka kumrudishia simu, naye hakuipokea.

"Tena," akasema Bi Mwanakhamis.

Mpaka wageni wanaanza kuondoka, Tahir alikuwa bado kapiga magoti, anasoma.