Kichwa cha Bomba

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya asubuhi ile ni kwamba bomba la saluni ya Mama mdogo halikuwa na kichwa. Shingo ilikuwepo, mdomo ulikuwepo, ila kile kichwa cha kuzungushia kilikuwa kimeng'olewa, kikabaki kijiti cha chuma kimechomoza kama kuku aliyechinjwa.

"Unashangaa nini?" Mama mdogo akamuuliza, huku akijipapasa kifuani. "Kiko hapa, kwenye sidiria. Anayetaka maji aniombe."

Jina la Kimya binti huyo alipewa na wateja, na lilimkaa. Alikuwa mtoto wa dada yake Mama mdogo. Alilala kwake, alikula kwake, na mchana alimwoshea wateja nywele. Kwa mtu wa namna hiyo, kuomba maji mara moja ni kazi. Kuomba kila kichwa kinapofika kwenye sinki ni adhabu.

Nyumbani alikuwa ameshazoea. Tangu watu wa maji watishie kukata, Mama mdogo alikuwa amegeuka askari. Uliogea ndani ya beseni, umesimama kama bata, kisha maji yale yakafua matambara, yakapiga deki, yakamalizia chooni. Maji ya nyumba ile yalistaafu yakiwa hoi. Haja ndogo nazo zilisubiriana, mpaka watu watimie ndipo ndoo imwagwe, na Baba mdogo akienda mara mbili mfululizo aliambiwa anaruka foleni.

Kimya hakuwa na ugomvi na hayo. Hata akiwa peke yake hakuacha bomba likitiririka huku anasugua. Kilichomkera ni kile kichwa kwenye sidiria. Ila angesema nini, na godoro analolalia si lake?

Basi akaja Mama Bucha, mwanamke mwenye duka la nyama na sauti ya kuuzia nyama. Alitaka nywele zilale. Mama mdogo akampaka dawa ya kulainisha, ile kali, akamwambia Kimya, "Ikianza kumwasha, mwoshe haraka. Ukimharibia huyu, wewe na mimi basi." Kisha akavuka barabara kwenda kwa fundi viatu. Na sidiria ikavuka naye.

"Binti, inawasha," Mama Bucha akasema.

"Sawa, mama."

Kimya akamlaza kichwa kwenye sinki, akapeleka mkono kwenye bomba, akashika hewa.

Akajaribu kukizungusha kile kijiti kwa vidole, kikateleza. Akajaribu kwa kibanio, kibanio kikavunjika. Akachukua jagi la maji ya kunywa, akayamwaga yote. Yaliishia kwenye paji la uso.

"Inauma sasa! Mtoto, mimi nachuna mbuzi kwa kisu, wewe unanichuna kwa dawa?"

Akakimbilia mlangoni. Malori yalikuwa yamefuatana, pa kuvukia hapakuwepo. Ng'ambo, Mama mdogo ameketi kwenye kigoda, mguu mmoja ndani ya kiatu, anapiga soga.

"Mama mdogo," Kimya akaita, kwa sauti ya kuuomba radhi mlango.

Hakuna aliyegeuka.

"Nikitoka hapa kipara," Mama Bucha akanguruma kutoka ndani, "narudi na shoka!"

Kimya akafumba macho, akavuta pumzi mpaka tumboni.

"MAMA MDOGO! LETE KICHWA CHA BOMBA! KIKO KWENYE SIDIRIA YAKO!"

Mtaa ukatulia. Dereva wa lori akafunga breki, si kwa wema, ni kwa kutaka kuona. Fundi viatu akaangalia palipotajwa, akaona haya, akarudisha macho kwenye soli. Mama mdogo akavuka na kiatu kimoja, mkono kifuani, akichimba njia nzima. Kichwa kikatoka kimenasa uzi.

Maji yakaja. Kimya akaosha, akasuuza, akaosha tena. Nywele zilibaki zote; ngozi tu nyuma ya sikio ilikuwa imechubuka kidogo. Mama Bucha akashusha pumzi, kisha akaanza kucheka hadi kiti kikalia.

"Shoga, wenzako tunaficha noti hapo. Wewe unaficha bomba?"

Mama mdogo hakucheka. Akamgeukia Kimya. "Umenivua nguo mbele ya mtaa mzima! Sauti ile siku zote ulikuwa umeiweka wapi?"

"Alikuwa anaungua, Mama mdogo."

"Na maji yakikatwa, utaosha watu kwa makelele?" Akafunga bomba, akang'oa kichwa, akakipeleka kifuani.

Kimya akamshika mkono. Hata yeye alishtuka kuuona mkono wake pale. Alijua anachokichezea: kazi na pa kulala, vyote viwili viko kwa mtu mmoja, na mtu huyo amevimba kwa hasira. Mama Bucha akaacha kucheka.

"Tubane maji, nakubali," Kimya akasema. "Hata lile beseni nakubali. Lakini mimi sijawahi kupoteza maji yako, Mama mdogo, na unajua. Unanifungia bomba kama mwizi, halafu kila siku nisimame mbele yako niombe. Inaniuma. Kichwa kikae kwenye bomba."