Nyumba ya Mjane Hainunuliwi

Galgalo hunihesabu rafiki yake. Sijui nani alimdanganya. Huja kwenye kibanda changu cha miraa hapa mtaani Bulla Pesa, anachambua mafungu kama anayechagua mchumba, kisha ananihubiria uaminifu. Mdomo asali, roho shubiri.

Marehemu ndugu yake, Wato, alichukua mkopo wa benki kununua lori la kubeba mifugo, akaweka rehani ploti yake pamoja na nyumba. Lori likapinduka naye akafa. Benki ikatangaza mnada. Mjane wake, Hamdia, ni jirani yangu, na hana pengine pa kulaza watoto wake. Wanawake wa chama chetu cha akiba tukakubaliana tuinunue sisi, yeye akae, atulipe polepole.

Galgalo akasikia. Akazunguka mtaa nyumba hadi nyumba kwa sauti ya matanga.

"Makandi dada yangu, kwetu nyumba ya mjane hainunuliwi. Hiyo ni laana. Watu wote wakinyamaza, benki itachoka, itakuja kuongea na sisi."

"Una hakika?"

"Wallahi."

Sisi wa chama, Wameru watupu, tukaona haya kukanyaga mila ya wenyewe. Tukaacha.

Siku ya mnada tulijaa uani kwa Hamdia, tumenuna. Matajiri waliotoka Meru na magari yao makubwa waliziona nyuso zetu wakaondoka. Dalali aliita mpaka sauti ikamkauka. Nikaanza kufurahi, mjinga mimi.

Ndipo Galgalo akakohoa, akainua kikadi chenye namba, akataja bei ya chini kabisa ambayo benki ingekubali.

Nikainua mkono wangu juu.

"Mama, namba yako iko wapi?" dalali akauliza. Namba hupewa aliyeweka amana asubuhi, na sisi hatukuweka, kwa kuheshimu mila. Nyundo ikagonga.

Hamdia alimtazama Galgalo. "Shemeji, na ile laana?"

"Hiyo ni ya watu wa nje. Mimi ni familia." Alitabasamu, tena bila aibu hata kidogo. Mtu mdogo sana yule, ingawa ana kitambi. "Usijali, utakaa tu hapa. Kodi ni tarehe tano."

Hamdia aliingia ndani akaanza kukunja mikeka.

Galgalo akanigeukia. "Umeona, Makandi? Mali imebaki nyumbani."

Nilitema mate mbele ya viatu vyake, nikaingia kumsaidia Hamdia kuhamia kwangu.