Rahisi kwa Anayeanza

Usiku wa jana niliota niko kwenye foleni, na foleni yenyewe ilikuwa ya kuchagua mtu nitakayekuwa.

Hilo halikutoka hewani. Jioni yake dada Zaituni, mtoto wa mama mkubwa, alinishika sikio akaniambia, "Mhando, kesho saa nne asubuhi tunaanza gemu mpya. Tuko wanne. Uje umeshachagua mhusika wako: wa ngao, wa upinde, mponyaji au mchawi. Usipochagua, kiti chako anakalia Kibwana."

Kibwana ni jirani yetu. Akishinda mechi moja, mtaa mzima tunajua kwa wiki tatu.

"Nipe wa rahisi basi," nikasema. "Sijawahi kucheza."

Zaituni akacheka. "Wote wameandikiwa kuwa ni rahisi kwa anayeanza. Hapo ndipo pa kujiuliza."

Nikalala najiuliza.

Basi niko foleni. Mbele yetu kuna ofisi ya udongo yenye mlango wa bluu, na mlangoni pamejaa ndara. Ndara za kila saizi. Moja imeungwa kwa waya, nyingine mpya kabisa, karatasi ya dukani bado imeshika kisiginoni. Watu wanavua, wanaingia. Nimesimama pale tangu asubuhi na sijaona hata mmoja aliyetoka kuchukua za kwake.

"Kuna mlango wa nyuma?" namuuliza aliye mbele yangu.

"Wa nini?" anasema. Anavua, anaingia.

Na mimi nikavua. Ila za kwangu nilizishika mkononi.

Ndani kuna meza, na juu ya meza kuna mhuri wa mpira. Mhuri ndiye bosi. Amevaa miwani.

"Jina?"

"Mhando."

"Ngazi?"

"Ya kwanza."

"Upanga wako una umri gani?"

"Sina upanga."

"Andika sifuri."

Fomu inafanana na ile tuliyojaza shuleni ya kuchagua tahasusi ya masomo, mpaka lile doa la chai pembeni. Ina visanduku vinne, kimoja kwa kila kazi aliyotaja Zaituni. Chini kabisa, kwa herufi za kumficha mtu jambo, imeandikwa: *Asiyechagua atapangiwa.*

"Atapangiwa nini?"

Mhuri anageukia dirishani. Nje kuna kisima, na kando ya kisima amesimama Mjomba Sembua.

Yule ni mdogo wake mama, wa Handeni, na fulana yake ileile ya kijani. Mjomba ni mtu mzuri, ila ukimwuliza lolote anasema tutaangalia. Kuoa, tutaangalia. Kuezeka banda, tutaangalia, na mvua hiyo inanyesha. Sasa amesimama kisimani, na alama ya mshangao, kubwa, ya njano, inaelea juu ya kichwa chake kama balbu.

Nikatoa kichwa nje. "Shikamoo, mjomba!"

"Msafiri," anasema, "umemwona mbuzi wangu?"

"Mjomba, ni mimi Mhando."

"Msafiri, umemwona mbuzi wangu?"

Sauti ileile, tabasamu lilelile, mkono unapanda mpaka palepale na kushuka. Shikamoo yangu ikabaki inaning'inia hewani. Hapo ndipo nilipoogopa. Mjomba wangu anaitikia shikamoo hata akiwa na mswaki mdomoni.

"Alikuja hapa akasema ataangalia," anasema Mhuri. "Tukampangia. Sentensi moja, maisha yote."

"Na mbuzi akipatikana?"

"Mjomba wako anaachiwa, anarudi kwao. Lakini mbuzi yuko kwa Joka, na kwa Joka haendi mtu bila kazi. Chagua. Una dakika kumi. Kisima kina nafasi ya mtu mmoja zaidi, upande wa kushoto, penye kivuli kidogo."

Akasema hilo la kivuli kwa upole sana. Sikulipenda.

Wa kwanza kunijia ni Ngao. Anatembea kwa kubiringika.

"Ndugu yangu!" anasema. Mimi mtu akiniita ndugu yangu kabla sijakaa, naanza kuangalia mlango uko wapi. "Nichukue mimi. Rahisi kwa anayeanza. Kazi ni kusimama tu."

"Kusimama wapi?"

"Mbele."

"Mbele ya nini?"

"Ya chochote kinachokuja."

Nikamjaribu. Kule kwenye foleni mama mmoja akakanyaga mwiba; aliyepiga kelele ni mimi. Mzee mmoja akang'atwa na nyuki. Sikio lililovimba ni langu. Jamaa mwingine akakumbuka jinsi mchumba wake alivyomwacha. Machozi yakanitoka, na huyo mchumba simjui hata jina.

Nikamweka chini. "Wenzangu waliokuchagua wako wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani yangu," anasema Ngao. Nikasikia mtu anakohoa humo.

Upinde akaja mbio. "Huyo mwongo. Mimi ndiye rahisi. Unakaa mbali, hatua thelathini, hakuna anayekufikia."

Nilipomshika tu, ofisi ikawa uwanja wa mpira, na mama yangu yuko hatua thelathini kutoka nilipo, ameshika sahani ya wali na maharage ya nazi. Nasogea hatua moja, anarudi hatua moja. Nakimbia, anakimbia kinyumenyume, wala maharage hayamwagiki.

"Mama, simama!"

"Mbona unanifukuza?" ananipigia kelele. "Nimekulea ili unifukuze?"

"Ndiyo usalama wenyewe," ananong'ona Upinde. "Hakuna kinachokufikia."

"Na wali?"

"Nao haukufikii."

Nikamtupa. Uwanja ukarudi kuwa ofisi. Kibuyu wa mponyaji hakuongea sana. Alisema anaponya kila mtu. Nikamwuliza, nikiumwa mimi je? Akasema namtafuta mponyaji. Nikamwambia si ndiye mimi? Akasema ndiyo maana waliotangulia walikohoa mpaka mwisho.

Akabaki Fimbo. Fimbo ameegemea ukuta, hana haraka, na hilo likanitia wasiwasi kuliko yote.

"Mchawi," anasema. "Unarusha moto ukiwa umekaa. Weka alama tu kwenye kisanduku."

"Niandike Mchawi kwenye fomu yenye jina langu kamili?"

"Ni jina la kazi tu."

"Njoo ukalieleze hilo mtaani kwetu. Bibi mmoja alipoteza kuku watatu mwezi uliopita, na bado wanatafuta mtu."

Fimbo akajisogeza karibu. Kisha akauliza hao kuku walikuwa wa rangi gani. Nikarudi nyuma hatua mbili.

"Nusu dakika," anasema Mhuri. Kule nje, Mjomba amesogea kidogo kulia, kama mtu anayempisha mwenzake. Juu ya kichwa changu nikahisi joto. Nikaangalia kwenye kioo cha miwani ya Mhuri: kitu cha njano kimeanza kuota.

"Nyinyi wanne," nikasema, "kama mko rahisi hivyo, kwa nini mnabembeleza?"

Aliyemo ndani ya Ngao akakohoa tena, mara mbili, kama anayejaribu kuniambia jambo.

"Basi naenda kwa Joka hivihivi. Sheria inakataza?"

Mhuri akafungua kitabu, akasoma kurasa zote kwa mara moja. "Sheria haikatazi ujinga," akasema.

Ukuta ukaondoka. Niko mbele ya pango lenye mlango wa chuma. Mlango umejaa alama za mateke, mashoka na vichwa vya watu waliokuja kwa kasi. Mhuri amenifuata, anaruka nyuma yangu, na kila anapotua anaacha neno IMEKATALIWA kwenye mchanga.

"Piga teke," anasema. "Wote hupiga teke."

Nikainua mguu. Mguu ukakataa. Kwa mambo ya aina hii mama alinilea vibaya sana.

"Hodi," nikasema.

"Unafanya nini?" anauliza Mhuri.

"Hodi."

"Hiyo haimo kwenye fomu!"

"Hodi jamani, wenyewe mpo?"

Ya tatu hiyo. Isipoitikiwa ya tatu mtu anarudi kwao, ndivyo ilivyo. Nikaangusha ndara chini nizivae. Nimeshaingiza mguu mmoja nikasikia, ndani kabisa, sauti nzito kama jiwe la kusagia:

"Karibu."

"Usiseme hivyo!" Mhuri akamfokea aliye ndani.

"Karibu ya kweli," nikauliza, "au ya kula mtu?"

Sauti ikafikiri. "Ya kweli. Hata mimi nimeshangaa. Imenitoka."

Nikavua tena, nikaingia.

Joka amekaa kwenye mkeka anapepeta mchele. Amejifunga kanga, na kanga inamfunika pale mwanzo tu. Sehemu iliyobaki imezunguka chumba mara nne na kurudi mlangoni. Anatoa moshi puani. Kichwa changu kikainama chenyewe.

"Shikamoo, bibi."

Ungo ukamdondoka.

"Umesema nini?"

"Shikamoo."

Miaka mia tatu watu wameingia humo wakipiga kelele, aliniambia baadaye. Wengine walimwimbia. Hakuna hata mmoja aliyemwamkia. Moshi ukapungua, ukawa mwembamba kama wa chungu kinachochemka.

"Usiitikie!" Mhuri anapiga kelele. "Ukiitikia imeisha!"

"Marahaba, mwanangu," anasema Joka. "Hujambo? Nyumbani hawajambo? Mama hajambo?"

"Hajambo, ila nimemfukuza uwanjani leo."

"Kamwombe radhi. Kaa, unywe uji."

Nikaangalia uji kwa muda mrefu. Nikaunusa. Nikamwomba aonje kwanza. Akaonja, akacheka, akaunguza pazia. Uji ulikuwa mzuri, una pilipili manga.

"Mkamateni," Mhuri anasema. "Huyu hana kazi."

"Nimwanzie wapi?" Joka anamwuliza Mhuri. "Nimeshamwitikia, ameshakula kwangu. Sasa nitamlaje?"

Nikasikia mlio uani. Mbuzi mweupe, sikio moja jeusi, amefungwa kwa kamba kwenye jiwe, amenenepa.

"Bibi," nikasema, "mwenye mbuzi huyo ni mjomba wangu. Amesimama kisimani anamwuliza kila mpita njia."

"Mbona hakuja kubisha?"

"Alisema ataangalia."

Joka akatikisa kichwa, na pango zima likatikisika naye. "Hapa nyumbani mgeni hatoki mikono mitupu. Mfungue."

Mhuri akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Alikuwa amechoka. Akaichukua fomu yangu, akachora kisanduku cha tano kwa mkono, mstari umepinda, akaandika: *Mpiga Hodi. Silaha: hana. Uzoefu: mlango mmoja.*

"Ni rahisi kwa anayeanza?" nikamwuliza.

"Sijui," akasema. Ndiyo mara ya kwanza nilimwamini.

Nilipotoka na mbuzi, pango likawa kisima. Mjomba mkono unapanda. "Msafiri, umemwona..."

Nikamshikisha kamba.

Akaitazama kamba. Akamtazama mbuzi, kisha mimi. Alama ya njano ikazimika. Midomo yake ikaanza kutafuta neno, kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni. Likafika ncha ya ulimi, nikaliona kabisa linakuja, na hapohapo nikaamka.

Zaituni amesimama katikati ya chumba changu, mikono kiunoni.

"Saa tatu na nusu! Umechagua, au nimwite Kibwana?"

"Hodi yako iko wapi?" nikamwuliza.

"Hodi ya nini, wewe? Umechagua nini?"

"Mpiga Hodi."

"Haipo hiyo."

"Ipo. Kisanduku cha tano, mstari umepinda."

"Mama mdogo!" akaita kuelekea jikoni. "Mwanao amepata homa!"

Nikanyoosha mkono kuchukua simu niangalie saa. Kuna ujumbe kutoka kwa Mjomba Sembua. Nikaufungua taratibu, maana kwa hali niliyoamka nayo hata simu yenyewe sikuiamini. Juu yake ni ujumbe wangu wa mwisho kwake, wa Idi iliyopita, picha tu isiyo na neno, na tangu hapo sikumwandikia kitu wala kumpigia. Chini yake kuna huu, wa saa kumi na moja alfajiri ya leo:

*Marahaba mpwa wangu. Nisamehe nimechelewa kukuitikia.*