Zimwi Lenye Kitana

Mchoraji alipochora zimwi la mchezo wao mpya wa kompyuta, alimwibia bosi kila kitu: kipara, jicho la kushoto lililolegea, hata kitana kinachochungulia mfukoni mwa shati. Alitaka awachekeshe wenzake, kisha alifute kabla kibarua hakijaota nyasi. Sasa bosi mwenyewe yuko nyuma ya kiti chake, mkono begani.

"Zuri hili, kijana. Umelitoa wapi?"

Wenzake wote ghafla wakawa na kazi.

"Kwa marehemu babu yangu, bosi."

"Kipara, na kitana cha nini?"

"Hakuwahi kukata tamaa."

Bosi akachomoa kitana chake, akakipitisha kichwani taratibu.

"Namwelewa. Basi lipe jina lake, na kesho niletee picha yake tuiweke kwenye tangazo."

Mkono ukabaki begani.