Wimbo wa Ghala la Pamba

Mwaka ule wa sabini na nne, kipupwe kilipoingia, Mwantumu wa Kilole aliitwa kuimba katika tamasha ambalo Korogwe na Handeni hazikuwahi kuliona. Muziki haukupigwa kwenye kumbi. Wakubwa walitaka muziki uwafuate wafanyakazi na wakulima pale pale walipo, kwa hiyo bendi ilipanda lori ikaenda kupiga kwenye banda la mizigo la stesheni. Kesho yake ilipiga kiwandani, katikati ya marobota ya katani, mahali ambapo vumbi liliwafanya wapiga tarumbeta wakohoe kila ubeti ulipoisha. Watu walijaa hadi juu ya marobota.

Mwantumu alikuwa Mzigua wa upande wa Misima, Handeni, aliyeolewa Kilole, Korogwe mjini. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, lakini sauti yake nzito iliwafanya watu wageuke kutafuta inatoka wapi. Siku zile za mwanzo alifurahi kama watu wote.

Hofu ilianza Dindira, milimani. Kule bendi ilipiga kwenye kiwanda cha chai, ghorofani, ukumbi wanamoanikia majani mabichi. Ukungu uliingia madirishani, na vidole vya wapiga gitaa vilikufa ganzi. Walipomaliza, mama mmoja mfanyakazi wa pale, jina lake Justa, alimletea Mwantumu chai ya moto kwenye kikombe cha bati.

"Mkitoka hapa mnaelekea wapi, dada?"

"Misima, kwenye ghala la pamba. Kwetu."

Justa alitazama ngazi, kisha akashusha sauti. "Dada yangu ameolewa huko chini bondeni. Mwezi uliopita walikuja watu wa ngoma, kijiji kizima kikaenda kucheza. Waliporudi walikuta mapaa yameezuliwa, vyombo viko nje, malori yanawangoja wapelekwe kwenye kijiji kipya. Sisemi kwamba ni ninyi. Nasema tu, muangalie nyuma yenu."

Mwantumu hakuimaliza ile chai. Alimfuata Ponsiano, kiongozi wa bendi, mtoto wa mkata mkonge aliyezaliwa kambini, akamkuta anafuta tarumbeta yake. Akamweleza yote.

"Mimi napiga tarumbeta tu," Ponsiano alisema.

"Sikukuuliza kazi yako. Nimekuuliza unajua nini."

"Sijui. Na wewe hujui. Na Bwana Kaleb yuko pale anatutazama."

Bwana Kaleb ndiye aliyetumwa kulisimamia tamasha. Alikuwa mtu mpole, koti lake limefungwa vifungo vyote, na kwa jina lake watu wa bendi walimchukulia kuwa Mpare. Hakumkaripia mtu. Kwa sababu hiyo hasa Mwantumu hakuweza kujua moyoni mwake mna nini.

Walipofika Handeni mjini, malori matatu yaliungana nao. Yalikuwa matupu, isipokuwa mgambo wageni, wa kutoka mbali, waliokaa pembeni mwa mabodi, wamejifunika makoti kwa baridi. Mwantumu alimgeukia msimamizi.

"Bwana Kaleb, yale malori ni ya nini?"

"Ya kubebea viti."

"Huko ghalani kuna viti?"

Kaleb aligonga paa la lori, dereva akaondoa gari.

Mwantumu alifikiria kuruka. Alimfikiria mama yake, Bi Mashavu, ambaye tangu Operesheni ya kuwahamishia watu vijiji vipya ianze alikuwa akiapa kwamba hatahama kwenye kaburi la mumewe. Alijipa moyo kwamba mama hatoki nyumbani hovyo, miguu inamsumbua, muziki wa bendi haupendi. Lori halikupunguza mwendo hata kwenye makorongo.

Ghala lenyewe lilikuwa la pamba, la zamani, lina mlango mmoja mkubwa mbele. Watu walikuwa wamekwisha kufika kutoka vitongoji vyote. Na mbele yao, amevaa kanga yake ya Idi, alisimama Bi Mashavu.

"Shikamoo, mama. Umekuja kufanya nini?"

"Marahaba. Swali gani hilo? Wamepita wakitangaza kwamba Mwantumu wetu ndiye mwimbaji. Nibaki nyumbani nichunge kuku?"

Mwantumu alielewa. Jina lake ndilo lililowatoa watu majumbani. Alitaka kusema, lakini Kaleb alikuwa amesimama kwa urefu wa mkono kutoka kwao. Alimshika tu mama yake mkono.

"Mbona una baridi hivi, mwanangu?" Bi Mashavu aliuliza.

Jukwaa lilikuwa marobota ya pamba yaliyopangwa, na maikrofoni ilipata umeme kwenye betri ya lori. Kutoka pale juu Mwantumu aliweza kuona nje. Wakati wa wimbo wa pili aliwaona mgambo wakigawanyika. Wengine walibaki mlangoni. Wengine walishika njia ya kijijini kwa akina Mwantumu, mapanga mkononi, kamba begani. Kisha mlango ukasukumwa hadi ukabaki upenyo wa mtu mmoja kupita.

Aliishika maikrofoni kwa mikono yote miwili, na wimbo wa tatu akauanza kwa Kizigua.

Aliuchukua mwito wa wanawake walimapo shambani, ambao kila mmoja mle ndani aliujua, akautilia maneno yake. Aliimba kwamba mwenye mtoto mchanga nyumbani amkumbuke. Mwenye mgonjwa kitandani amkumbuke. Walioshika njia ya kwetu hawakuja kucheza. Na nyuma ya ghala, chini ya ukuta, lipo lile tundu la kupitishia magunia.

Watu waliitikia kwa mazoea. Mara sauti zikafifia, nyuso zikabadilika, na Mwantumu akadhani wimbo utamfia mdomoni na wote watajulikana. Hapo bibi mmoja wa mbele akaupokea mwitikio kwa nguvu, na wengine wakamfuata. Ponsiano hakujua Kizigua, lakini nyuso za watu alikuwa anaziona. Aliinua tarumbeta akapuliza mpaka mabati yakalia.

Kule nyuma wanawake walianza kuinama mmoja mmoja na kupotea. Bi Mashavu hakusogea.

Ndipo Kaleb akapanda kwenye marobota. Alimwinamia Mwantumu sikioni, akasema kwa Kizigua safi, cha mtu aliyekulia nacho:

"Endelea. Usisimame sasa."

Kwa hiyo Kaleb alikuwa ameelewa kila neno. Mwantumu aliendelea kuimba bila kuisikia sauti yake mwenyewe. Kaleb alibaki kando yake, uso ameuelekeza mlangoni, akipiga makofi, hadi sauti ya nje ilipoamuru muziki ukome.

Waliotoka kwa lile tundu hawakuwa wengi. Walifika nyumbani wakawahi kutoa mbuzi, watoto, na mzee Sadala, mgonjwa, ambaye mkwewe alimburuta na mkeka wake kabla paa halijashuka. Mapaa yote yaliezuliwa siku ile. Waliobaki ghalani walipakiwa. Bi Mashavu alipanda lori mwenyewe, bila kusukumwa.

"Mama, ungetoka," Mwantumu alimnong'oneza.

"Nikimbie, halafu wakushike wewe?"

Wakati wa kurudi Mwantumu alikaa karibu na Kaleb, akamuuliza: "Kizigua umekijulia wapi?"

"Baba alikuwa dresa wa hospitali, Handeni. Nimezaliwa hapa."

"Utanisema?"

Kaleb alifunga kifungo cha shingoni, akafumba macho kama mtu mwenye usingizi.

Mwantumu aliacha bendi. Pale Kilole, gari lolote lililosimama karibu lilimkimbiza kwa jirani kwa mlango wa uani. Hakuna aliyekuja. Baadaye alisikia Kaleb amehamishiwa mkoa mwingine. Kama alinyamaza, au alisema na hawakumjali, Mwantumu hakupata kujua.

Mvua za vuli zilipokaribia alikwenda kwenye kijiji kipya. Alimkuta mama yake kwenye kibanda chenye ukuta nusu, akikohoa, na mzee Sadala amekaa kivulini kwa jirani, hai. Mama na mwana walikanyaga udongo, wakaanza kukandika. Walizungumza habari za mahindi na za kuku waliopotea.

Gari likasikika barabarani. Wote wawili wakaacha kazi, mikono imejaa udongo, wakasikiliza. Lilipokwisha kupita na mlio wake kupotea kabisa, Bi Mashavu akachota udongo mwingine.

"Bandika hapo juu," alisema. "Upepo unapita."