Akiba ya Mshono

Fundi alikuwa amepima viuno vya nusu ya mtaa, na alijiona mtu asiyeshangazwa tena na mwili wa binadamu. Wateja wakinenepa walisema nguo imebana. Wakikonda, nguo imepwaya. Kosa lilikuwa la nguo siku zote. Yeye alicheka kimoyomoyo, akachukua futi yake, akapima.

Mteja mmoja tu ndiye aliyempima mara mbili mbili kwa hofu, naye alikuwa dada yake wa toka nitoke.

Dada huyo alikuwa mwalimu wa hesabu. Wanafunzi walimwita Mlima, kwa kunong'ona akiwa karibu na kwa kupiga kelele akishafika mbali. Alikuwa na kilo mia na arobaini. Miaka kadhaa nyuma aliwahi kujinyima kwa pupa, akashindia matango na maji ya moto kwa miezi minne, akapunguza kilo thelathini na tano. Watu wakampigia vigelegele. Kisha akajitazama kwenye kioo cha Fundi, nyuma ya pazia la kujaribia nguo, akaona ngozi ya mikono na ya tumbo inaning'inia kama shuka kwenye kamba iliyolegea. Alilia mpaka akakaa chini sakafuni. "Bora kunenepa kuliko kuning'inia," alisema, na alitimiza neno lake. Kilo zote zikarudi, tena zikaja na wageni.

Sasa daktari alikuwa amemwambia bila kupindisha maneno kwamba moyo wake umechoka. Apungue, na asinenepe tena. Akirudia mchezo ule wa kushuka na kupanda, moyo hautavumilia. Fundi aliyasikia hayo akaelewa jambo moja ambalo daktari hakulijua: adui wa dada yake hakuwa chakula, alikuwa kioo. Siku atakayoiona ngozi ile tena ataacha, na akiacha atakufa.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyewapa mwanga. "Mama, ngozi hurudi," alisema, "ila ina mwendo wake. Ukiikimbia, inabaki nyuma. Nusu kilo kwa wiki inakutosha. Kula mayai, maharage, samaki, kunywa maji, na unyanyue vitu vizito, maana msuli ndio utakaojaza pale mafuta yalipotoka. Na sikudanganyi, haitarudi yote."

Mwalimu aliipenda hesabu hiyo. Akachagua gauni moja la samawati liwe kipimo chake, na kila mwisho wa mwezi alilipeleka kwa Fundi likapunguzwe. Miezi kumi na sita ikapita hivyo, haraka haraka haina baraka, mpaka alasiri moja lilipomwasha mbavuni, akalivua nyuma ya pazia, akalipindua.

"We, hiki nini?"

Ndani, kila upande, kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa na kushonewa, kunjo juu ya kunjo, unene wa daftari. Miezi yote hiyo Fundi hakuwa amekata hata uzi.

"Akiba ya mshono, dada. Kila fundi huacha."

"Mnaacha inchi moja. Hii ni shubiri nzima kila upande. Akiba ya nini?"

Hapo Fundi angeweza kunyamaza. Lakini mdomo huponza kichwa, na wake ulikuwa na mbio kuliko cherehani. "Akiba haiozi, dada," akasema.

Mwalimu alimtazama kama mwanafunzi aliyeiba majibu, tena majibu yenyewe ya makosa. "Kumbe unaningoja," alisema taratibu. "Mwaka na zaidi umekaa hapa unaningoja ninenepe." Akavaa nguo aliyokuja nayo, akaondoka. Gauni akaliacha mezani.

Wiki tatu zikapita bila simu wala salamu. Fundi alishona mkono wa kulia wa shati mahali pa kushoto, akafumua, akashona vilevile tena. Alijua alichokifanya. Alimpenda dada yake kuliko mtu yeyote duniani, lakini hakumwamini, na sasa dada amejua. Jumamosi asubuhi alichukua mkasi, akaikata akiba yote ya gauni lile, kisha akafunga duka akaenda kwake, huku akijiandaa kumkuta amejifungia na masufuria.

Alimkuta uani. Mwalimu alikuwa amevaa fulana isiyo na mikono, miguu ameipanua, mikononi ameshika kichwa cha cherehani ya marehemu mama yao, chuma kitupu. Alikipandisha kifuani, akakipandisha juu ya kichwa, akakishusha polepole. Akakipandisha tena.

Fundi alisimama pale pembeni ya nyumba, mdomo wazi. Mkono ule aliujua, aliwahi kuuona ukining'inia. Chini ya kwapa bado palikuwa na mkunjo laini, lakini begani ngozi ilikuwa imeshika, na msuli ulikuwa ukitembea chini yake.

"Unashangaa nini? Njoo ushike."

Akashika. Kitambaa cha pamba kikiloweshwa hurudi, hujivuta kikapungua, mara moja, basi, kimemaliza. Mpira wa nguo ukivutika sana haurudi kabisa. Ngozi hii ilikuwa imevutwa miaka thelathini, ikatelekezwa, ikavutwa tena, na bado ilikuwa njiani inarudi, bila pasi na bila fundi. Machozi yakamtoka.

"Mungu wangu," alisema. "Nani anashona humu ndani?"

Mwalimu akacheka, akakitua chuma chini, kisha akapandisha fulana. Tumbo lilikuwa limeshuka mikunjo miwili, yenye michirizi, imelala juu ya kanga. "Hii imegoma," alisema. "Niliiona kwenye kioo chako nilipolivua gauni, kabla hata sijalipindua."

Fundi akauachia mkono. "Siku ileile? Na mimi nikakuongezea maneno yangu?"

"Siku ileile. Nilirudi nikalala na viatu. Asubuhi nikapiga hesabu. Nikaona kama ni kuning'inia, basi nitaning'inia nikiwa hai. Nikarudi hapa uani kwenye chuma, kama siku zote."

 Fundi alikishika kile chuma, akajaribu kukipandisha. Kilifika kiunoni, kikamshinda, akakitua chini akihema.

"Unanyanyua mara ngapi?"

"Arobaini. Nilikuwa kwenye ishirini na sita ulipokuja kunililia."

Fundi akajifuta macho, akaketi kwenye ngazi ya mlango.

"Haya, dada," akasema. "Ishirini na saba."